Juu ya Majeraha na Uangalizi Wake: Mhadhara kwa Wauguzi wa Nachingwea na Ruangwa



Nimeombwa nizungumze juu ya majeraha, na nimeona vema nianze kwa kutamka waziwazi lile nitakalolirudia kwa njia nyingi katika mhadhara huu, ya kuwa jeraha haliponywi na dawa tunayolimwagia, bali huponywa na mwili wa mwenye jeraha, na kazi ya muuguzi ni kuuondolea mwili huo vizuizi, kisha kulitazama jeraha siku baada ya siku kwa uangalifu usiochoka mpaka ngozi ifunge. Neno hili ni jepesi kulisema na zito kulitenda, na hapa kwetu lina uzito wa pekee. Katika hospitali kubwa za mijini, ambako tabibu bingwa hupita wodini kila asubuhi, muuguzi aweza kudhani kwamba kutazama ni wajibu wa mwingine. Lakini katika zahanati ya kijijini, tuseme upande wa Kilimarondo au wa Namichiga, muuguzi ndiye wa kwanza kulifunua jeraha na aghalabu ndiye wa mwisho kulifunga, na lile asiloliona yeye halitaonwa na mtu mwingine mpaka limekwisha kuwa msiba.

Kila nchi ina majeraha yake, na mtu akitaka kuyajua majeraha ya Nachingwea na Ruangwa hana budi kwanza kuijua kazi ya watu wake na majira ya mwaka wao. Kusini kwetu mvua ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mikono yote imo shambani: jembe hupita karibu na kidole cha mguu, panga huteleza katika kiganja chenye jasho, shoka la mfyekaji hurudi likampata mwenyewe katika muundi. Mvua hiyo hiyo huharibu njia, hata mtu aliyekatwa asubuhi akafika zahanati jioni, au kesho yake, mguu umefungwa kanga iliyogandamana na damu. Yakiwadia majira ya korosho huja majeraha ya namna nyingine. Ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi, na wanawake wabanguao nyumbani kwa mkono hupata mabaka meusi na malengelenge vidoleni, wala wengi wao hawayahesabu kuwa maradhi, bali huyachukua kuwa ni alama ya kazi. Muuguzi ajuaye hayo hangoji mpaka malengelenge yapasuke na kuingia usaha. Huwaambia mapema wapake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, wanawe kwa sabuni na maji mengi kila yanapowarukia, na wasipeleke mkono machoni kabla hawajanawa.

Upande wa Ruangwa, Namungo na vijiji vya jirani, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na jiwe liangukalo shimoni husaga nyama kuliko linavyoikata, na nyama iliyosagwa haina uhai wa kujitetea. Pikipiki nazo zimeleta jeraha ambalo mababu zetu hawakulijua: abiria akiteremka upande wa kulia, bomba la moshi humgusa ndani ya muundi, likaacha moto wa umbo la yai ambao kwa macho ni mdogo na kwa kina ni mkubwa. Kuna watoto wanaoangukia mafiga. Kuna nyoka, na hasa kifutu, ambaye sumu yake huivimbisha nyama na kuiua pale pale ilipoumwa, hata mtu akaokoka na mguu ukaoza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na sisi tulikuwa tumekwisha kuijua siku nyingi. Na simba si hadithi ya wazee. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kuwajeruhi wasiopungua 308, na Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoteswa zaidi. Mtu akinusurika mkononi mwa simba, huja kwetu. Na ni juu yetu kuhakikisha kwamba hafi kwa usaha baada ya kuponea meno.

Nchi hii haikuanza leo kuuguza, na vijana waliomo humu wanapaswa kujua ni nyayo za nani wanazikanyaga. Wamisionari Wabenediktini walijenga Ndanda tangu mwaka 1906, na katika miaka ya 1920 akafika huko tabibu wa kike kutoka Ujerumani, Sista Thekla Stinnesbeck, ambaye alikuta buba imeenea vijijini, maradhi yalayo ngozi na mifupa ya watoto, na umati wa watu wenye vidonda ukamjia. Dawa ya sindano za siku zile ilikuwa kali na ndefu. Baadaye, katika miaka ya 1950, sindano moja ya penisilini ikatosha. Hapa wilayani Nachingwea penyewe, Mnero, alifanya kazi tangu mwaka 1949 kwa muda wa miaka 15 Daktari Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyekuwa amefika nchini mwaka 1935 na kuanza Lulindi katika hospitali ya nyasi, na ambaye baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu 1975 hadi 1980. Hutajwa kwa upasuaji wake, na ni haki yake. Walakini kila mpasuaji ajua, hata asiposema, kwamba kisu hufanya kazi ya saa moja, na wiki zifuatazo ni za muuguzi. Wale vijana wa Kimwera, Kimakonde na Kiyao waliofundishwa katika hospitali za misheni za kusini kuchemsha vyombo na kubadilisha shashi kwa mwanga wa kandili, majina yao hayamo vitabuni, nami naona ni deni ambalo historia yetu ya afya haijalilipa.

Kuna jambo jingine la Nachingwea ambalo si wengi wanalolikumbuka. Mji huu, uliochipuka kwa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulipokea tangu mwaka 1965 kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na mkuu aliyeiongoza na kuipa sifa, Samora Machel, alikuwa muuguzi. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Miguel Bombarda ya Lourenço Marques, akauguza kwa mshahara uliopunjwa kwa sababu ya rangi yake, kabla hajashika bunduki. Mwaka 1967 wanawake wa Msumbiji walianza kufundishwa vita papa hapa, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuwabeba na kuwauguza majeruhi; na majeruhi waliovushwa Ruvuma walipelekwa Mtwara, katika hospitali ya chama chao iliyopewa jina la tabibu wa Angola, Américo Boavida. Nalitaja hili kwa sababu vita ina elimu yake katika majeraha, elimu iliyonunuliwa kwa damu ya watu wengi katika Vita Kuu ya Kwanza, nayo ni hii: jeraha chafu lisishonwe siku ile ile. Nyama iliyokufa ikatwe, jeraha lioshwe, liachwe wazi chini ya shashi nene, lisisumbuliwe kwa siku 4 au 5, na likionekana safi ndipo lishonwe. Mtu alishonaye jeraha la risasi, la jino la simba au la jiwe la mgodi kabla ya wakati wake, huwafungia viini vya maradhi ndani ya chumba chenye joto na chakula na giza, na siku ya tatu mgonjwa hutetemeka kwa homa.

Sasa tuingie chumbani, maana mhadhara juu ya majeraha usiolifunua jeraha hata moja ni maneno matupu. Chukueni mkulima aliyejikata muundi kwa shoka, akaletwa na shemeji yake kwa baiskeli. Damu yatoka. Jambo la kwanza si dawa, ni mkono: shashi iliyokunjwa, na kukandamiza kwa nguvu kwa dakika 10 kamili bila kuinua na kuchungulia, kwa sababu kila uchunguliapo unalivunja bonge la damu ambalo mwili umelitengeneza kwa taabu. Damu ikiisha kutulia, usikimbilie uzi. Mwambie akunje vidole vya mguu, auinue wayo. Asipoweza, kano imekatika na hilo si la zahanati. Mguse kwa pamba kati ya vidole na umwulize kama asikia. Tafuta mpigo wa damu nyuma ya kifundo. Hayo yote hayahitaji chombo wala fedha, ni dakika tatu za adabu ya kazi, ilhali mwenye kuyapuuza hushona ngozi vizuri sana juu ya mguu usiofanya kazi.

Kisha osha, osha tena, uendelee kuosha. Maji yafaayo kunywewa yafaa kuoshea jeraha. Uchunguzi uliolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali haukuona kwamba vidonda vilivyooshwa kwa maji ya bomba viliharibika zaidi. Pasipo na bomba, maji ya kisima yachemshwe yapoe, na atakaye maji ya chumvi atie gramu 9 katika lita moja, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, ayatumie siku hiyo hiyo na kuyamwaga yabakiayo. Maji yatiririke kwa nguvu kidogo, yasidondoshwe. Aliyeumwa na mbwa, hata kama alama ya jino ni ndogo, aoshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka muda wa dakika 15, asishonwe kwa haraka, na chanjo ya kichaa cha mbwa itafutwe siku hiyo, kwa sababu maradhi yale yakisha kudhihiri hayana dawa. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kutiririka dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya taa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wembe wala asifungwe kamba ya kukata damu. Alazwe, kiungo kitulizwe kwa banzi, apelekwe. Na kila mmoja wa hao aulizwe juu ya chanjo ya pepopunda, kwa maana kidonda kidogo cha msumari, kilichokwisha kufunga na kusahauliwa, kimewaua watu wenye siha njema.

Nimesema kwamba mwili ndio uponyao, nami sina budi kueleza uponyavyo, kwa kuwa muuguzi asiyejua mwendo wa jambo hawezi kujua limepotoka wapi. Saa za kwanza damu huganda na mishipa hujibana. Siku zifuatazo, tatu au nne, jeraha huvimba, huwa jekundu, hutoa maji; huo si ugonjwa bado, ni jeshi la mwili linaingia kazini, na mwenye kuliona akapaparika kwa vidonge vya kuua viini hajafahamu alionalo. Halafu huanza kujaa nyama mpya, nyekundu, yenye chembechembe, itokayo damu upesi ikiguswa, na ukingoni ngozi changa ya rangi ya waridi hutambaa kuelekea katikati. Mwisho kabisa ni kukomaa kwa kovu, kazi ya mwaka mzima au zaidi, na hata hapo kovu halipati zaidi ya takriban asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya kwanza.

Ngozi hiyo changa haipendi kukauka. Hili liliwashangaza wengi mwaka 1962, George Winter alipochapisha huko Uingereza uchunguzi wake juu ya nguruwe, akaonyesha kwamba vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi kwa kasi ya takriban mara mbili kuliko vilivyoachwa wazi vikafanya gaga. Na bado hata leo naingia katika nyumba nyingi, na baadhi ya vyumba vya kufungia vidonda pia, nikakuta imani kwamba kidonda ni lazima kikauke, kwa hiyo kianikwe juani, kimwagiwe spiriti, kipakwe jivii ya zambarau, au kinyunyiziwe unga wa vidonge vya rangi mbili uliopasuliwa kutoka katika ganda lake. Sitawalaumu watu wa vijijini kwa hili. Waliwaona wenye makoti meupe wakifanya hivyo, wakaiga. Spiriti huua viini, na pamoja nao huua chembe changa zinazojenga. Jivii hukifunika kidonda kwa rangi hata asiyeona asijue kuwa haoni, kwa sababu wekundu, unjano na weusi, ambao ndio lugha ya kidonda, vyote hugeuka zambarau. Na unga wa rangi mbili hufanya ganda gumu juu, usaha ukakaa chini yake kwa raha, huku viini vikijifunza kuizoea dawa ambayo kesho tutaihitaji kwa mtoto mwenye nimonia.

Asiseme mtu kwamba ninadharau tiba za wazee. Asali imo katika matibabu ya Misri ya kale, imo katika tiba ya Kiislamu, na imo katika hospitali za leo, ambako asali iliyotakaswa kwa kazi hiyo hupakwa juu ya moto na vidonda vya usaha, kwa kuwa utamu wake mzito huyavuta maji na kuvinyima viini nafasi. Papai bichi, lenye kimeng'enya kilacho nyama iliyokufa, lilitumika katika kitengo cha watoto cha hospitali moja ya Banjul, Gambia, kwa watoto walioungua, likasafisha pale ambapo kisu kingewatia uchungu. Ninachokitaka ni kwamba kitu kikitumika, kitumike kwa kujua kinafanya nini, na kiachwe kinapokwisha kazi yake.

Narudi chumbani, siku ya sita ya yule mkulima. Muuguzi amenawa mikono, si kwa kuichovya katika beseni lililonawiwa na watu kumi, bali kwa maji yanayomiminwa. Ameviweka vyombo vyake tayari kabla ya kumgusa mgonjwa: koleo, shashi, maji, bandeji, mfuko wa taka, rula. Shashi ya zamani imegandamana. Hapa ndipo uungwana wa muuguzi hupimwa, kwa maana kuna wanaoibandua kwa mkupuo mmoja wakisema ni bora maumivu yaishe upesi, na wanapoibandua hivyo huing'oa pamoja na ngozi changa ya siku tano. Yeye huilowesha, hungoja, na kusema: "Baba, nimelowesha kwanza, ukisikia uchungu niambie, nitasimama." Kama ni mtoto, au aliyeungua sehemu kubwa, amekwisha kumpa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Nayo shashi iliyotoka haitupwi papo hapo, hutazamwa. Imelowa kiasi gani, na maji ya rangi gani? Yananuka? Mgonjwa mwenyewe huuliza jambo hili kwa sauti ya chini, "Sista, kinanuka?", kwa sababu ameona watoto wake wakisogea mbali naye, na jawabu yapasa apewe la kweli na la upole.

Ndipo kidonda chenyewe. Sehemu gani ni nyekundu yenye chembechembe, sehemu gani ina utando wa njano, wapi pana weusi? Ukingo umelala na kutambaa, au umesimama kama kuta za kisima? Ngozi ya pembeni ni ya kawaida, au ina moto, inang'aa, wekundu unapanda kuelekea gotini? Rula huwekwa: urefu hivi, upana hivi, kina hivi. Huoshwa, hukaushwa pembeni tu, hufunikwa na shashi yenye unyevu na juu yake kavu, bandeji ikaanzia vidoleni kupanda juu, si kinyume chake, isije ikauvimbisha wayo. Kisha, kabla ya kumwita mwingine, huandikwa. Nataka kusimama kidogo hapa.

Katika daftari nyingi nilizofungua, mbele ya jina la mgonjwa mmekuwa mkiandika "kidonda kimesafishwa na kufungwa", na kesho yake tena "kimesafishwa na kufungwa", na kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka mstari mmoja ghafula unasema "amepewa rufaa". Anayelisoma daftari hilo hajui kama kidonda kilikuwa kikipungua au kikipanuka. Zamu zikibadilika, muuguzi wa jioni huanza upya, hukitazama kidonda kwa mara ya kwanza ijapokuwa kina wiki mbili, na vidonda vinavyoonwa na watu wengi, kila mmoja mara moja, kwa hakika havijaonwa na mtu. Sentimita 6 kwa 4, utando wa njano robo, hakuna harufu, wekundu wa pembeni umepungua: maneno machache tu, na mwenzako amepata macho yako. Mahali penye wauguzi wawili tu, ningependa mgonjwa wa kidonda awe wa mmoja wao kwa kadiri iwezekanavyo. Na penye simu yenye kamera, picha moja kwa wiki, kwa ruhusa ya mgonjwa na bila uso wake, ina thamani kubwa kuliko maelezo yangu yote.

Na viko vidonda ambavyo mwenyewe havisikii. Huko India, Daktari Paul Brand alithibitisha kwamba vidole vya mwenye ukoma haviozi vyenyewe kwa ugonjwa, bali huharibika kwa kuumia mara nyingi bila uchungu wa kumwonya mwenyewe. Ukoma umepungua sana kwetu tangu matibabu ya dawa mchanganyiko yalipoanza katika miaka ya 1980, lakini nafasi yake imetwaliwa na kisukari. Huko Dar es Salaam, Profesa Zulfiqarali Abbas, aliyejitolea maisha yake kwa miguu ya wenye kisukari, aliripoti wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasiamke, kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa. Mtu asikiaye habari hiyo hawezi tena kumpima sukari mgonjwa bila kumvua viatu. Viatu vivuliwe, soksi zivuliwe, vidole vitenganishwe kimoja kimoja, na nyayo ziguswe. Kwa mwenye kisukari, kuondoa uzito juu ya kidonda ni nusu ya dawa. Akiendelea kukikanyaga, shashi zote za bohari hazitamponya.

Kwa mwenye matende, maradhi ambayo pwani ya Lindi na Mtwara imeyabeba kwa vizazi, kitu kinachomtia homa na kumlaza siku tano si minyoo peke yake, bali ni viini vinavyoingia katika mipasuko midogo kati ya vidole. Marehemu Daktari Mwele Malecela alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kutokomeza matende nchini, kampeni iliyogawa vidonge vya aivamektini na albendazoli tangu mwaka 2000. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudishwi na vidonge. Huu hutakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji kila siku, kukaushwa kwa taratibu mpaka katikati ya kila kidole, kuinuliwa usiku, na mipasuko yake kupakwa dawa. Nimewaona watu walioacha kutoka nje kwa aibu wakirudi sokoni baada ya miezi michache ya beseni na sabuni tu. Hilo ni tendo la uuguzi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna daktari awezaye kulifanya badala yenu, kwa kuwa hufanywa nyumbani, na mtu mwenyewe, aliyefundishwa na muuguzi aliyeinama na kuuosha mguu ule kwa mara ya kwanza mbele ya jamaa zake.

Hoja zangu zote huishia kwenye maji, na nasema hivi mbele ya viongozi waliohudhuria. Florence Nightingale alipofika Scutari mwaka 1854 alikuta askari wakifa kwa homa za uchafu kuliko kwa majeraha, na vita yake kubwa ilikuwa ya sabuni, mifereji na nguo safi. Zahanati isiyo na tangi la kuvunia mvua, katika nchi yenye mvua ya miezi mitano, inamtaka muuguzi atende kazi asiyowezeshwa kuitenda. Anayetaka kupunguza gharama ya dawa za kuua viini katika wilaya hizi na aanze na paa na mfereji wa bati.

Limebaki jambo moja nililoliweka mwisho kwa makusudi, maana ndilo linalopotea zaidi. Kidonda kilichotunzwa vizuri, kikapimwa kila wiki, kisipopungua kwa nusu ndani ya wiki 4, kinakwambia kuwa kuna kitu hukijui: damu haifiki, sukari haijashikwa, mfupa umeingiwa, kifua kikuu kimo chini ya ngozi, au ni saratani. Kovu la zamani la moto, la miaka ishirini au thelathini, lililopasuka tena na kufanya kidonda chenye ukingo mnene uliogeuka nje, si kidonda cha kufunga. Kipande kidogo cha ukingo kikatwe kikapimwe. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya jua hili la Lindi, akija mmoja wao na kidonda kidogo sikioni, shingoni au mdomoni kisichofunga, asiambiwe apake mafuta arudi baada ya mwezi, wala asiachwe angojee korosho ziuzwe apate nauli. Aandikiwe barua ya rufaa siku hiyo hiyo, itajwe ndani yake kidonda kilianza lini, kimepimwa mara ngapi na kwa vipimo gani, na muuguzi aliyeiandika abaki na namba ya simu ya jamaa yake mmoja, ili asipofika hospitali aliyotumwa, atafutwe.